Ndoo Mbili za Saa Sita

Siku ya sita tangu koki ifungwe, choroa kumi na wanne, wale wanyama wa jangwani wenye pembe ndefu zilizonyooka, walikuwa bado wamesimama mbele ya hori kavu. Mtunza pampu aliwahesabu akiwa dirishani, akawahesabu tena, kisha akatoka nje akawahesabu mara ya tatu, kama mtu anayepekua mifuko akitafuta ufunguo anaojua fika ameupoteza. Kumi na wanne. Juzi mbavu zao hazikuonekana. Leo angeweza kuzihesabu nazo.

Kwa hesabu za wenye elimu, wanyama wale walipaswa kuwa wameondoka tangu siku ya tatu. Wakifikisha siku ya kumi wangali pale, hawatakuwa na miguu ya kuwafikisha popote. Mtunza pampu alilijua hilo. Alijua na jambo jingine ambalo wenye elimu hawakulijua, na hilo lilikuwa linamtafuna kuliko njaa.

Watu wote walimwita Bwana Koki. Lori la vyakula lilimwita hivyo, wakwe zake walimwita hivyo, na mkewe naye alimwita hivyo akiwa amekasirika, yaani mara kwa mara. Baba yake alikuwa mchimba visima. Yeye mwenyewe alianza maisha kama utingo wa lori la chumvi, akajifunza injini kwa kulala chini yake kila ilipoharibika, na lori lile liliharibika sana, kwa hiyo alihitimu mapema. Miaka kumi na minane iliyopita aliletwa jangwani kufunga pampu. Aliambiwa kazi ya wiki mbili. Alikuja na shati moja la kubadili.

Ulikuwa mwaka wa ukame mkubwa, ule ambao mizoga ilipigwa picha magazetini na watu wa mijini wakalia. Wenye hifadhi wakachimba kisima kirefu, wakaweka injini, tangi juu ya nguzo na hori refu la saruji. Maji yalipotoka kwa mara ya kwanza, choroa jike mmoja alitokea na ndama wake wa mwaka mmoja. Walikuwa wametembea kutoka vilima vya mawe, mwendo wa siku mbili. Yule jike alikunywa, akalala kando ya hori, na asubuhi hakuamka. Ndama akabaki. Bwana Koki alimnywesha kwa karai kwa siku nane, na siku ya tisa alipakua mzigo wake wote kutoka kwenye lori lililokuja kumchukua. Shati moja halichukui muda kupakua.

Ndama yule sasa alikuwa Bibi. Pembe yake ya kushoto ilikuwa nusu, kwa sababu ujanani aliinasa kwenye waya wa banda la injini, na Bwana Koki alikata waya ule huku akipigwa mateke. Wote wengine kumi na watatu walizaliwa palepale, hatua mia kutoka kwenye koki, wala hawakuwahi kuona vilima isipokuwa kwa mbali.

Sasa, aliyeleta habari ya kufunga koki alikuwa binti mmoja mwembamba, mtaalamu wa nyasi. Alifika miaka miwili iliyopita na fremu ya waya yenye pande nne sawa. Alikuwa akiitupa chini, anapiga magoti, anahesabu majani yaliyomo. Bwana Koki alimtazama siku ya kwanza, akamtazama siku ya pili, siku ya tatu uvumilivu ukamwishia.

"Daktari mwanangu, nimeona watu wa kila aina hapa. Lakini mtu wa kuhesabu majani? Ukimaliza utahesabu mchanga?"

"Nikikosa majani, Mzee, ndiyo, nitahesabu mchanga. Twende nikuonyeshe."

Walitembea kutoka kwenye hori, saa nzima, bila kukuta jani. Saa ya pili wakakuta visiki vya nyasi vilivyotafunwa hadi mizizi. Yule binti hakuhubiri. Aliuliza tu: panya wa jangwani uliwaona mwisho lini? Ndege wanaotaga chini ya majani je? Kobe? Bwana Koki akafungua kinywa kujibu la kobe, akakifunga. Zamani nyasi ziligusa ukuta wa banda la injini, na kobe walikuwa wanaingia chini ya injini kutafuta kivuli, mpaka kila asubuhi ilibidi awaondoe kabla ya kuwasha. Mwisho lini? Hakukumbuka. Mtu anaweza kuishi mahali miaka kumi na minane akiangalia kila kitu isipokuwa kile kinachoondoka. Jambo hilo lilimuuma, na hakulala vizuri.

Daktari wa nyasi ndiye aliyemweleza kwamba choroa wa vilimani hawanywi maji kabisa. Hula majani alfajiri, wakati majani yamekwisha kufyonza unyevu wa usiku, huchimba mizizi, hula matango ya porini yenye maji machungu, jua likiwaka huacha mwili upate joto bila kutoa jasho. "Hawa wa kwako, Mzee, wamekuwa watu wa mjini. Wanangoja bomba."

Basi uamuzi ukaja kwa barua. Maji yapunguzwe miezi mitatu, kidogo kidogo, kisha koki ifungwe wakati matango yameiva vilimani, ili wanyama watawanyike na nyasi zipate kuota tena. Yakapunguzwa. Swala wakaondoka, pundamilia wakaondoka, ndege wakaondoka. Choroa wakabaki. Injini ikafunguliwa na kupakiwa kwenye lori, na tangi likaachiwa maji ya kuwatosha binadamu watatu hadi mwisho wa mwezi. Hata kama mtu angetaka kurudi nyuma, maji yale yasingewatosha choroa siku mbili. Tumaini lote likawa juu ya Bibi, kwa kuwa yeye peke yake aliwahi kuitembea njia ile. Kiu itamsukuma, alisema Daktari, naye akienda watamfuata.

Na kweli, siku ya pili Bibi alianza kugeuza pua kuelekea vilimani. Bwana Koki aliliona hilo kwa macho yake. Aliona pia, saa sita mchana, Daktari akiwa amelala hemani na mkewe akiwa amelala chumbani, Bibi akirudi na kuilamba koki. Aliilamba ile shaba taratibu, juu na chini, halafu akasimama akimtazama.

Ungefanya nini wewe? Yeye alichukua ndoo mbili. Nyuma ya banda la injini palikuwa na tairi kuukuu lililokatwa katikati, akamimina humo. Alijiambia ni maji ya safari, mtu haondoki bila kunywa. Siku ya tatu akajiambia jana wengine hawakupata. Siku ya nne hakujiambia kitu, kwa sababu alipofika kwenye tairi alimkuta Bibi amekwisha kutangulia, na wote wamejipanga nyuma yake. Haba na haba hujaza kibaba, walisema wazee, lakini wazee hawakuwa wanazungumzia choroa kumi na wanne.

Asubuhi hiyo ya sita Daktari aliingia jikoni na daftari lake, macho mekundu. Chumba kilikuwa kidogo: meza, viti vitatu, jiko la mafuta, na kalenda ukutani ambayo mke wa Bwana Koki aliandikia kipimo cha mvua kila siku. Mwaka mzima aliandika sifuri, kwa mwandiko mzuri.

"Sielewi, Mzee," Daktari alisema. "Wangekuwa wameondoka tangu siku ya tatu. Kuna kitu kinawashika hapa. Au bomba linavuja chini kwa chini?"

Chai ilimpalia Bwana Koki. Alikohoa mpaka machozi yakamtoka.

"Bomba nitalikagua mimi," alisema alipopata pumzi.

"Tafadhali likague leo. Nikikosea hesabu, nimewaua. Nimewaua wote, Mzee, na barua niliyoiandika ina jina langu."

Alitoka. Mke wa Bwana Koki alikuwa anaosha vikombe kwa maji ya nusu bakuli. Hakugeuka.

Mama huyu alikuwa na desturi yake. Kila jioni alichukua upawa, akapanda ngazi ya tangi, akaligonga kuanzia juu kwenda chini, na mahali mlio ulipobadilika ndipo maji yalipofika. Miaka yote hajawahi kukosea hata kwa upana wa kiganja. Jioni ile aligonga, akasikiliza, akagonga tena, akashuka. Mumewe alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango.

"Bwana Koki."

"Naam."

"Unaoga mara ngapi kwa siku?"

"Siogi. Tulikubaliana ni kujipangusa tu."

"Hata mimi nilijua huogi, pua ninayo. Basi tangi linashuka kwa nini?"

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Bwana Koki ilianzia mlangoni ikaishia palepale. Akamweleza yote. Alitarajia matusi, na angeyapokea kwa furaha. Mkewe aliketi kando yake na upawa mapajani, akawatazama wale wanyama.

"Hawakai kwa ajili ya kiu," alisema. "Wenye kiu huondoka. Wanakungoja wewe."

"Nawapa ndoo mbili tu."

"Ndiyo. Za kufia hazitoshi, za kuishi hazitoshi. Mwambie yule mtoto."

"Nitamwambia kesho."

"Mwambie sasa."

"Kesho," alisema, kwa sababu aliona aibu, na aibu ya mtu mzima ni nzito kubeba mbele ya mtu anayeweza kuwa mwanawe.

Kesho yake ndama mdogo kuliko wote alikuwa amekufa kando ya tairi. Maziwa ya mama yake yalikuwa yamekauka. Alikuwa amelala amekunja miguu vizuri, pua ndani ya tairi, na mbweha wawili walikuwa wamekaa umbali wa kurusha jiwe, bila haraka yoyote. Bwana Koki alivua shati akamfunika. Halafu akaenda moja kwa moja hemani, kifua wazi, akasema yote bila kupumzika, na alipomaliza alibaki amesimama.

Daktari hakupiga kelele.

"Tangu siku ya pili?"

"Tangu siku ya pili."

"Kila siku?"

"Kila siku saa sita."

"Basi sijui kwao leo ni siku ya ngapi," alisema. "Hesabu zangu zote hazina maana. Wakiondoka leo, labda. Kesho siwezi kukuahidi." Akasimama, akatafuta funguo za gari. "Nitawafukuza kwa honi."

"Gari litawatawanya. Huyu huku, yule kule. Bibi lazima aende mbele, na wengine nyuma yake. Na anayemngoja ni mimi. Niache mimi nimwondoe."

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na shati alikuwa amekwisha kulivua. Saa sita kamili alikwenda kwenye tairi na ndoo mbili tupu. Bibi alikuwepo. Akaipindua ndoo ya kwanza mbele yake, chini juu. Bibi akanusa, akailamba pembeni. Akaipindua ya pili. Bibi akasogea zaidi, pua yake ikamgusa mkono, nayo ilikuwa kavu kama ubao.

"Yamekwisha," alimwambia. "Nenda."

Hakusogea.

"Nenda, nimesema! Toka hapa!"

Masikio yakasimama. Miaka kumi na minane sauti ile ilikuwa na maana moja tu. Akaanza kupiga ndoo kwa ndoo, kwa nguvu zake zote, na hilo likawa kosa jingine, maana mlio wa ndoo ndio uliowaita wengine. Walikuja wote kumi na wawili, wakasukumana nyuma ya Bibi, macho yametoka, na Bwana Koki amebanwa baina ya pembe na ukuta wa banda.

Akaokota jiwe. La kwanza alilitupa makusudi lisifike. Bibi alilinusa. La pili lilimpata begani, likatoa mlio wa ngoma kuukuu, na yule mnyama akaruka nyuma, akasimama, akamtazama. Hakukuwa na hasira katika mtazamo ule. Alionekana kama mtu aliyeitwa kwa jina lisilo lake. Bwana Koki alikuwa analia sasa, waziwazi, kamasi mpaka kidevuni.

La tatu lilimpasua juu ya jicho, chini ya pembe nzima.

Bibi akainamisha kichwa. Pembe ya choroa hutoboa simba, na hata nusu pembe hutosha kwa mzee asiye na shati. Alikuja mbio hatua mbili, tatu. Mlangoni mkewe alipiga yowe. Bwana Koki hakukimbia. Hakuwa na mahali pa kukimbilia. Alirusha jiwe la nne, likampata katikati ya shingo, na Bibi akageuka.

Aliwafukuza kwenye uwanda ule mtupu, akiokota na kurusha, akianguka na kuinuka, akitukana matusi aliyoyaacha kwenye lori la chumvi. Kifua kilimwaka. Kila Bibi aliposimama kugeuka nyuma, jiwe lilikuwa tayari. Walipofika kwenye visiki vya kwanza vya nyasi, akakaa chini, mawe mawili yamebaki mkononi.

Bibi alisimama mbali, damu inamtiririka usoni. Alasiri upepo ulianza kuvuma kutoka vilimani, kama kila siku. Aliinua pua. Alikaa hivyo kwa muda ambao Bwana Koki hakuweza kuupima, kisha akaanza kutembea, polepole, bila kugeuka nyuma. Wa pili akamfuata, na wa tatu. Aliwahesabu walivyopita kwenye mstari. Kumi na watatu.

Aliporudi alichukua nyundo kubwa ya injini akalivunja lile hori, kipande kwa kipande, mpaka giza lilipoanza kuingia. Mkewe alimshikia taa. Ndama walimzika pamoja na shati.

Daktari aliondoka kwa gari alfajiri, akizunguka mbali asiwatishe. Zikapita siku nne. Bwana Koki hakula vizuri. Alikuwa anakaa kwenye ngazi ya mlango, uso vilimani, na mkewe akawa anaandika sifuri kwenye kalenda mara mbili kwa siku bila kujua. Jioni ya nne vumbi likaonekana. Alisimama kabla gari halijafika.

"Kumi na mmoja," Daktari alisema akiwa bado kwenye usukani. "Wawili tuliwapoteza njiani. Kumi na mmoja wako vilimani, Mzee. Wanachimba matango. Bibi ndiye anayewaonyesha, anachimba kwa kwato yeye kwanza."

"Jicho lake?"

"Limevimba. Linaona."

Bwana Koki aliitikia kwa kichwa, akaingia ndani, akalala hadi kesho yake mchana.

Wenye hifadhi hawakumfukuza. Daktari aliandika ripoti yake, na ndani yake aliandika habari za ndoo mbili bila kuficha wala kutia chumvi, akaongeza kwamba kituo kinahitaji mtu wa kuhesabu nyasi. Hivyo yule aliyecheka akapewa fremu ya waya. Alipiga magoti kila asubuhi mahali palepale, akahesabu mchanga, akaandika sifuri. Nyumba ile sasa ilikuwa na watu wawili wa kuandika sifuri. Kwa miezi saba walikuwa wanataniana nani kati yao anaandika ya duara zaidi.

Mwezi wa nane mkewe alisoma kipimo, akasoma tena, akaandika kumi na tisa. Wiki mbili baadaye fremu ilikuwa na majani manne, kisha thelathini, kisha hakuna aliyeweza kutembea bila kuyakanyaga. Yalifika mpaka kwenye vipande vya hori.

Choroa wakaja asubuhi moja mapema. Daktari alikuwa amerudi kwa ajili ya hesabu za msimu, na yeye ndiye aliyewaona kwanza kupitia darubini. Walikuwa kumi na wawili sasa, kwa sababu mmoja alikuwa mdogo, wa rangi ya mchanga. Walikuwa wanakula huku wanatembea, migongo imejaa. Bibi alikuwa mbele na nusu pembe yake.

Bwana Koki alitoka nje kabla hajafikiri. Hakubeba kitu. Alitembea kwenye majani yale, mikono imefunguliwa pembeni ili Bibi aone ni mitupu, kwa upole, kama alivyotembea kila siku ya miaka ile. Hatua mia na hamsini zilikuwa zimebaki Bibi alipoinua kichwa.

Akatimka. Hakungoja hatua nyingine. Aliwachukua wote pamoja naye, ndama katikati, na kabla vumbi halijatua walikuwa wamekwisha kuwa alama ndogo upande wa vilima.

"Umeona, Mzee!" Daktari alipaza sauti, anapiga makofi, anacheka. "Umeona walivyokimbia? Hao sasa ni wa porini!"

"Nimeona," alisema Bwana Koki.

Akarudi nyumbani. Mkewe alikuwa mlangoni anafuta mikono kwa kanga.

"Nimesikia kishindo. Walikuwa ni wao?"

"Ni wao."

"Wamekusahau?"

"Wengine sijui," alisema, akavua viatu mlangoni. "Bibi amenikumbuka. Ndiye aliyeanza kukimbia."